Mtaa Mzima Nyumbani kwa Shangazi

Shangazi yangu hawezi kumwona mtu amesimama juani akamwacha. Ndiyo ugonjwa wake. Awe muuza mkaa, awe msoma mita, awe mdai wake mwenyewe, atamwita tu: "Pita kibarazani, mwanangu, upoze koo." Nimemkanya mpaka ulimi umeota sugu. Ananijibu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, safari hii mwenyeji nusura asipone.

Manispaa ilikuwa inatengeneza ramani ya kompyuta. Kila nyumba iwe na nukta yake, ili wakubwa wakiwa ofisini wajue nani anaishi wapi, bomba lipite wapi, taka zizolewe wapi. Jambo zuri, sikatai. Wakatuletea wapimaji na mkubwa wao, ambaye mtaa ulimbatiza Bwana Nukta kabla hajashuka garini. Kazi yenyewe si ya kubeba zege: unasimama mlangoni pa nyumba, unaandika waliomo, unabonyeza simu, na simu inashika mahali uliposimama.

Shangazi akawaona juani. Kwisha habari. Wakaketi kibarazani kwake na chupa ya chai katikati, na mtaa mzima ukapanga foleni kujiandikisha palepale. Kila kaya ikabonyezwa hapo, na kila mara simu ikashika kibaraza cha shangazi. Hata mimi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, niliacha gauni la watu nikaenda kupanga foleni. Tena tuliwasifu kwa wepesi wao!

Haukupita muda, magari yote ya taka yakaanza kusimama kwa shangazi tu. Wauguzi wakaja na makasha ya chanjo ya mtaa mzima, wakamkuta peke yake anachambua mchele. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaja mtu na kopo la rangi, akapiga alama nyekundu ukutani. Nyumba ina msongamano wa hatari, akasema, Ijumaa inabomolewa.

Hapo shangazi hakucheka. "Nyumba hii marehemu aliijenga kwa mikono yake," akasema, akakaa chini. Yule mtu wa rangi alikuwa bado amesimama juani, na shangazi hakumkaribisha. Nilijua ameumia. Damu ikanichemka, nikamshika mkono, yeye akashika chupa yake ya chai, tukaenda manispaa.

Bwana Nukta akafungua kompyuta. "Nyumba yenu ina watu elfu moja na ushei."

"Ina vyumba viwili!"

"Ndiyo maana tukasema ni hatari."

"Wanalala wapi hao?"

"Hilo ndilo linalotushangaza hata sisi," akasema, akanisogelea. "Mnalala kwa zamu?"

"Wewe si ulikaa pale kutwa, baba? Uliona nani?"

Akafikiri. "Niliona foleni. Ndefu kweli."

Niliyomwambia baada ya hapo siyarudii, maana shangazi aliziba masikio. Mwishowe Bwana Nukta akanywea. Akakubali kufuta nukta zote na kuanza upya, mlango kwa mlango. Lakini agizo la kubomoa, akasema, liko idara nyingine, ghorofa ya juu, na wao hawashuki. Tena akaanza kulalamika: jua, viatu, magoti.

Shangazi akaitikisa chupa. Bwana Nukta akageuza shingo.

"Utaifuata hii?" shangazi akauliza.

Alhamisi akatangulia yeye, chupa mkononi, na wapimaji nyuma yake. Kila mlango anamimina nusu kikombe, wanakunywa wima, wanabonyeza, twende. Nilikuwa nawasukuma kwa nyuma kama mbuzi wa mnadani. Hakuna aliyekalishwa, nilihakikisha. Kwangu wakapata nukta, kwa jirani wakapata nukta, tukazunguka mtaa mzima mpaka tukafika mlango wa mwisho, wa shangazi mwenyewe. Akainamisha chupa. Halikutoka hata tone.

"Subirini nibandike nyingine," akasema.

Bwana Nukta akatazama saa. "Muda wa kazi umekwisha, mama. Tutarudi wiki ijayo."

"Bonyeza tu!" nikapiga kelele. "Kidole kimoja!" Wakaondoka. Usiku ule shangazi alikunja nguo zake, akaitoa picha ya mumewe ukutani. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Asubuhi ya Ijumaa tingatinga likaja likinguruma. Tulisimama mlangoni tumeshikana mikono. Dereva akasimamisha, akatazama simu yake, akatutazama, akaitazama tena simu. Akashuka, akavua kofia.

"Samahani, mama. Nimetumwa kubomoa nyumba mahali hapa, lakini kwenye ramani hapa hamna nyumba."

Nikafungua mdomo nimweleze. Shangazi akanifinya, akanifinya kweli, alama ninayo.

"Hata mimi siioni, mwanangu," akasema. "Wamekusumbua bure."

Dereva akashukuru. Ramani haidanganyi, akasema, angebomoa nini mahali pasipo kitu? Akajifuta jasho, maana jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Nikamwona shangazi anamtazama, nikajua kinachokuja.

"Shangazi, tafadhali, usithubutu."

"Pita kibarazani, mwanangu," akamwambia, "upoze koo."

Naye akapita, akaketi, akaegemea ukuta.