Kibofu cha Mama Mkwe

Kuna mambo mwanamume hatakiwi kuyajua kuhusu mama mkwe wake, na la kwanza ni kibofu. Mimi nakijua. Nimekiona kwenye skrini, kikubwa kama sahani, daktari wa picha kasimama nyuma yangu anatafuna kalamu.

Kazi yangu ni kuendesha mashine ya MRI, lile pipa la sumaku linalogonga kama fundi bati. Mama mkwe alikuwa na maumivu chini ya kitovu, yakishuka hadi nyonga, na wakampangia siku ya zamu yangu. Nikaomba kubadilishana, wenzangu wakacheka mpaka basi. "Mkweo huyo, mhudumie mwenyewe!" Maelekezo nilimpa nikiangalia dari. "Mama, unywe maji. Mengi tu." Kwa nini, sikusema. Ningeanzia wapi? Nikamkabidhi chupa kubwa, nikatokomea.

Sasa, ili ndani paonekane vizuri, tunamdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha. Inapita kwenye damu, figo zinaichuja, inaishia kibofuni, na kibofu kinawaka cheupe. Cha mama kiliwaka katikati tu. Chini, upande wa mgongoni, palikuwa na doa jeusi tii.

"Hilo silipendi," daktari alisema. "Ama dawa imekolea mno, ama ni uvimbe."

Dawa ile ina vituko vyake. Ikiwa kidogo inang'arisha, ikikolea kupita kiasi inaizima picha yenyewe, na kwa uzito wake inatuama chini. Ila kwa mtu aliyekunywa maji haikolei hivyo.

"Tumuongezee dawa?" niliuliza. Akili zilishaniruka.

"Uongeze giza? Wewe leo una nini? Nimemuuliza kuhusu maji, kaapa kanywa mpaka tumbo linamlilia. Kama ni kweli, kesho aende kwa wapasuaji."

Mke wangu alimzika baba yake mwaka jana, na mzazi aliyembakia ni huyu. Mke wangu alikuwa nje kwenye benchi, ananisubiri mimi nitoke na jibu. Niliogopa, nisidanganye.

Nikaenda kumchukulia mama viatu kwenye kabati la wagonjwa. Ndani ya kikapu chake, chini ya mtandio, nikaikuta chupa yangu. Imejaa pomoni, na kizibo hakijaguswa.

Lo!

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anaangalia ukuta. Nikachuchumaa mlangoni, nikaangalia sakafu.

"Shikamoo, mama." Na asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba, baba."

"Mama... ile chupa... naona imepumzika."

Akajifunika uso kwa viganja. "Baba, ulitaka nibanwe mle ndani nikulowanishie mashine? Wewe, mume wa mwanangu? Bora nife."

"Utapasuliwa bure, mama, kwa ajili ya aibu!"

Ilinitoka kwa ukali, hata mimi nikashtuka. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti.

"Mama, ukifua mashuka meupe, buluu unatia kiasi gani?"

"Tone tu."

"Na ukimimina chupa nzima?"

"Yanaingia madoa, unayaharibu."

"Basi ile dawa ni buluu. Na... na mkojo wako ndio maji ya kusuuzia. Hukunywa, kwa hiyo maji ni haba. Huenda doa tunaloliona ni buluu tu."

Neno lilishatoka, na dari haikuanguka. Mama alinitazama usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. Akafungua chupa, akainywa yote, akafuta mdomo.

"Leta nyingine."

Akaenda msalani, akanywa tena, akapumzika. Tukamrudisha ndani ya pipa bila kumuongezea dawa hata tone. Mke wangu hakuvumilia benchi. Alichungulia mlangoni mwa chumba chetu cha skrini, akaja kunishika bega, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Picha ikaja. Nyeupe. Kibofu chote cheupe pe, kuta zake laini, na pale palipokuwa na doa hapakuwa na kitu.

"Kisafi hicho," daktari alisema, akaitoa kalamu mdomoni. "Maumivu yanatoka kwenye nyonga. Yanatibika."

Mke wangu akaanza kulia. Nami nilikuwa nafungua mdomo kumbembeleza, kipaza sauti cha kwenye pipa kikalia:

"Baba! Baba weee! Mkojo umenibana!"

Daktari akaangua kicheko. Nikabonyeza kitufe cha kujibia, machozi yananitiririka, nikapiga kelele korido nzima ikasikia:

"Mwaga tu, mama! Mwaga! Mashine nitaifuta mwenyewe!"