Nyumba Inayolishwa

Je, umewahi kuishi katika nyumba usiyoiamini? Siyo nyumba inayovuja. Hiyo hila zake zinajulikana, unatega beseni na maisha yanaendelea. Ni ile iliyotulia, kuta zake nyeupe, bati lake zima, lakini ukikanyaga kando ya kitanda mguu wako unaambiwa jambo ambalo sikio bado halijalipata.

Mama Agnès Kyungu aliishi katika nyumba kama hiyo. Asubuhi moja, akipiga deki chumba cha kulala, ndoo ilimponyoka. Maji hayakusambaa ovyo kama maji yanavyosambaa. Yalijikusanya, yakashika njia moja kana kwamba yameitwa, yakaenda mpaka chini ya dirisha, pale sakafu ya saruji ilipokutana na ukuta, na hapo yakazama katika ufa mwembamba usiotosha hata kupitisha wembe. Mama Agnès alipiga magoti, akalaza sikio chini. Hakuyasikia yakitua.

Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge. Wazo la kwanza lililomjia halikuhusu msingi wala mvua iliyokuwa ikikaribia. Lilimhusu Tina. Kumbe alijua, aliwaza. Alijua, akanipa hivyo hivyo.

Tina Mbuyi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, yeye na mumewe Mulumba, fundi mwashi. Wazazi wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, lakini wao wenyewe walizaliwa hapa hapa Kolwezi, na Kasai waliijua kwa kusimuliwa tu. Mama Agnès, mtu wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa amepanga vyumba viwili ng'ambo ya njia, mlango wake ukitazamana na wao. Waliazimana chumvi, walisukana nywele, walikaa benchi moja kanisani. Kisha mgodi mkubwa ukaporomoka, mishahara ikakatika, na watu wenye njaa wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Ikasemwa kwenye mikutano, ikasemwa sokoni, mwishowe vijana wa mtaa wakaisema kwa mawe: Wakasai warudi kwao. Familia nyingi mno zilikwenda kukaa stesheni na magodoro yao, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Siku ya kuondoka, katikati ya majira ya baridi, Tina alivuka njia akiwa na ufunguo uliofungwa uzi wa katani. Alisema nyumba ikibaki tupu wataing'oa mabati, afadhali akae mtu anayemjua. Mama Agnès alikuwa ameshanyosha mkono kabla maneno hayajaisha. Uzi ulikawia kidogo kutoka; kidole cha Tina kilikuwa bado ndani ya kitanzi. Mama Agnès akauvuta taratibu, kama unavyovuta uzi ulionasa kwenye msumari, ukatoka. Akasema asante, hakusema msiende. Jioni hiyo hiyo alihamisha vyungu.

Sasa, akiwa amesimama juu ya sakafu iliyomeza maji, alianza kufukua mengine. Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, nyumba ile ilikuwa ikifungwa milango na madirisha mchana kweupe, na ndani ukasikika mdundo mzito, unakwenda, unapumzika, unakwenda tena. Ukimwuliza Tina, angesema alikuwa anatwanga sombe. Lakini sombe hutwangwa uani, kivulini, huku mtu anapiga soga na anayepita. Nani aliyewahi kuyatwanga majani ya muhogo chumbani na kufunga madirisha? Tena siku hizo hakuna bakuli lililovuka njia, ilhali Tina hakuwa mchoyo wa sombe. Mama Agnès alikuwa amelimeza jambo hilo miaka yote. Leo lilimrudi kooni.

Alimwita mumewe. Stany Kabongo zamani aliendesha lori la mgodini. Siku hizi alishinda akifungua na kufunga redio iliyokwisha kufa. Alikizunguka chumba akipiga sakafu kwa kisigino. Kila mahali sakafu ilijibu kama sakafu. Chini ya dirisha ilijibu kama ngoma. Akatabasamu tabasamu ambalo mkewe hakulipenda.

"Balizika kitu," alisema. "Ao balizika, ao balishazikua." Yaani walizika kitu hapo, au walikwisha kukifukua.

"Ao ni dawa," Mama Agnès alisema kwa sauti ya chini, na mara akatamani kulirudisha neno lile mdomoni.

Stany alileta mtaimbo. Pale kilipokuwa kitanda cha Tina, saruji ilikuwa na rangi nyingine kidogo, na ukiitazama kwa makini uliona imekatwa duara, kingo zake zikasiribwa kwa ustadi, mfano wa kifuniko cha chungu. Alikichokonoa mpaka kikainuka. Chini kulikuwa na shimo lililomeza mkono wake hadi begani. Kuta za shimo zilikuwa na vijia laini vilivyopinda kwenda gizani, kama koo za wanyama. Chini kabisa kulikuwa na vipande vya matofali na udongo mwekundu ulioshindiliwa, na juu ya udongo huo alama za mviringo, kila moja kama ngumi, zimekanyagana. Basi. Hakukuwa na kingine. Harufu ya kichuguu ilipanda ikajaza chumba, na kama Mama Agnès angeisikiliza pua yake angejua mengi papo hapo, maana alikulia kwenye vichuguu. Lakini shaka ilikuwa imeshamziba pua.

"Babeba," Stany alisema, kwa maana wamekwenda nacho, akijipangusa bega.

"Jambo, mama. Nasikia munatafuta."

Alikuwa Mbuyu, kijana wa nyumba ya pembeni, ambaye tangu mwanzo wa fukuzafukuza hakuonekana tena bila fimbo. Mlio wa mtaimbo ulikuwa umemleta dirishani. Aliliangalia shimo kwa muda, kichwa upande, kisha akasema kwa adabu zote, kama mtu anayejitolea kumbebea mwingine mzigo, kwamba kesho mchana yeye na wenzake wangekwenda stesheni kumchukua Mulumba, aje aeleze mwenyewe alichokizika ndani ya tumbo la nchi ya watu.

Mama Agnès alijua maana ya kueleza. Alikuwa amemwona fundi cherehani akiambiwa aeleze, mbele ya soko. Kiatu chake kimoja kilibaki njiani siku nyingi, na hakuna aliyethubutu kukiinua.

Alitaka jibu, ndiyo. Alilitaka kwa uchungu. Ila hakutaka liletwe likiburutwa. Alimwambia Stany arudishe kifuniko na asimfungulie mtu. Kesho yake, jua likiwa bado changa, alitia unga kidogo na nyanya katika kikapu, akashika njia ya stesheni. Njia nzima alipanga maneno. Yalikuwa maneno makali, nayo yalimsaidia kutembea.

Stesheni ilikuwa imegeuka mtaa usio na kuta. Makabati yalisimamishwa yakawa vyumba, mashuka yakawa milango. Kuku waliofungwa miguu walilala juu ya cherehani. Majani yalikuwa yameota katikati ya reli, marefu, ya kijani, na watoto walicheza humo bila hofu ya treni yoyote. Wanawake walimtazama Mama Agnès kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kukagua. Alipouliza, mmoja alimwelekeza kwa kidevu tu.

Tina alikuwa ameketi juu ya kinu alichokipindua, akimpepea mumewe. Mulumba alilala juu ya mlango uliolazwa kwenye matofali, homa inamtetemesha. Tina alikiangalia kwanza kikapu, kisha miguu ya mgeni, kisha uso.

"Yaya," alisema, yaani dada, kama alivyozoea kumwita. "Umekuja kuona kama tulishakwenda?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza basi. Hapa bado hawajatutoza kwa kuulizwa."

Mama Agnès alifungua kinywa atoe yale aliyoyapanga, na hapo jicho lake likaangukia mchi ulioegemezwa kwenye sanduku. Mchi wa nyumba yenye mwanamke una ncha ya kijani kwa sombe, au nyeupe kwa unga. Huu ulikuwa mwekundu. Wekundu ulikuwa umepanda kwenye mti na kuingia ndani ya mti, wekundu wa udongo, wa miaka, usiotoka kwa kusuguliwa. Na ncha yake ilikuwa pana kama ngumi.

Aliutazama mpaka maneno yote ya njiani yakamtoka.

"Hamukuwa munatwanga sombe," alisema.

Tina alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na ubaya. "Miaka yote ile ulikuwa unangoja bakuli?"

"Nililingoja, ndiyo."

Basi Tina akamweleza, bila kuacha kupepea. Mulumba alipokuwa kijana alipata kiwanja chenye kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba. Alikikata akafyatua matofali, kama kila mtu wa Kolwezi anavyofanya, maana udongo wa mchwa hutoa tofali lisiloogopa mvua. Alikikata mpaka kikalingana na ardhi, akachomea tanuru hapo hapo. Na kwa kuwa mahali palikuwa peupe, pagumu, hapana kisiki, akaisimamisha nyumba papo hapo. Wangapi hawakufanya hivyo? Kumbe alichokata kilikuwa kichwa tu. Chini bado kulikuwa na mwili mzima, vyumba juu ya vyumba, na kila masika vichache vilibomoka na sakafu ikanywea. Kubomoa nyumba hawakuwa na uwezo. Kwa hiyo walikata kile kifuniko chini ya kitanda, na kila mwisho wa kiangazi Tina alimwaga maji, Mulumba akachanganya udongo na kifusi cha matofali, kisha wakashindilia kwa mchi, wakipokezana, mpaka shimo liache kuitika. Wao wenyewe waliita kazi hiyo kulisha nyumba. Madirisha waliyafunga kwa ajili ya majirani.

"Mukasai anachimba chini ya kitanda chake," Tina alisema. "Wewe, yaya, ungesema nini?"

Mama Agnès alijua angesema nini. Jana alikuwa amelisema, na lilimtoka upesi mno.

"Mwaka huu haikula," Tina aliongeza, kama mtu anayezungumzia mtoto aliyeachwa kwa watu.

Hapo Mama Agnès akamwambia habari ya Mbuyu, na kwamba ilikuwa mchana wa leo. Mkono wa Tina ulisimama. Mulumba alifumbua macho, akayaelekeza mbinguni.

"Mbuyu huyu huyu," Tina alisema taratibu, "aliyekuwa anamaliza bukari ya unga kwangu kabla watoto wangu hawajanawa?"

"Huyo."

"Mwambie aingize mkono mwenyewe. Mchwa watamwamkia."

"Afadhali alete kifusi," sauti ya Mulumba ilitoka chini, nzito kwa homa. "Ana mabega."

Wanawake wawili walitazamana, na kwa kitambo kifupi kila mmoja alimwona mwenzake wa zamani, yule wa benchi la kanisa. Mama Agnès aliweka kikapu chini. Alisema angerudi sasa hivi, kabla jua halijapanda. Angeifungua milango yote na madirisha yote. Angewaita wanawake wa mtaa mzima waje na ndoo, na angempa Mbuyu karai la udongo abebe mbele ya macho yao. Wangeuona mchi, wangeuona udongo, wangeona alama zinavyolingana. Watu wakishachafuka matope pamoja, alisema, nani atakwenda stesheni kumwuliza mtu alizika nini?

Tina alimsikiliza mpaka mwisho. Aliinuka, akauchukua mchi, akamweleza kwamba udongo usiwe maji wala mkavu, ushikamane ukiubana mkononi; kwamba aanzie ukutani aje katikati; kwamba asikiridhie kimya cha kwanza, kwa sababu shimo lile lina hila, hunyamaza kabla halijashiba. Kisha akaunyosha kwa mikono miwili.

Mama Agnès aliupokea. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mara akatambua kwamba uzito ule haukuwa wa mti peke yake. Tina alikuwa hajauachia. Vidole vyake vilikuwa vimeukaza.

Hapo Mama Agnès akakumbuka uzi wa katani na kidole ndani ya kitanzi, na mkono wake mwenyewe ulivyovuta. Mkono ule ule ulikuwa tayari kuvuta tena. Aliuzuia. Alisimama tu, mchi kati yao, nyuma yao moshi wa meko na watoto wakikimbizana katikati ya reli.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" aliuliza. "Kifuniko, mchwa, yote haya. Ungeniambia tu."

"Kumfundisha mtu kulisha nyumba ni kumwambia kwamba ni yake."

"Nawe hukutaka iwe yangu."

Tina alitikisa kichwa, siyo hivyo. Alitazama chini, pale mchi ulipogusa vumbi. Mulumba alikuwa amegeuza uso upande wao. Mahali fulani nyuma ya makabati mtu alikuwa akigongelea msumari.

"Ulitaka nini, basi?" Mama Agnès aliuliza, na safari hii alingoja, kama mtu aliyelaza sikio sakafuni.

"Nilivuka njia na ule ufunguo, yaya," Tina alisema, "nikitaka uukatae."