Mpiga Picha Asiyetulia

Pale hospitalini walimwita Kope, naye aliitika. Tangu utotoni jicho lake la kulia lilikonyeza bila kumwomba ruhusa, na bega likaruka lilivyojisikia. Mkewe alipenda kuwasimulia mawifi kwamba aliolewa kwa kukonyezwa. Alipokuja kugundua kuwa hata mbuzi hukonyezwa, maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Kazi yake ilikuwa kuwapiga wagonjwa picha za ndani ya mwili, kwenye ile mashine inayonguruma, yenye mvungu anamolazwa mgonjwa. Mgonjwa hutakiwa atulie tuli dakika kumi. Mkuu mpya wa idara, mama mwenye sauti ya kengele, alimwona akiwakonyeza wagonjwa siku ya kwanza tu, akakata shauri.

"Jumatatu unahamia stoo ya mafaili. Asiyeweza kutulia atawatulizaje wenzake?"

Kope alirudi nyumbani mnyonge. Kazi ile aliipenda kuliko chakula.

Mungu si Athumani. Ijumaa goti la mkuu lilimgomea kwenye ngazi, naye akalazwa mashineni. Mwenzake Kope, aliyekuwa zamu, akamwambia, "Usitikisike, mama." Si ndipo kidole gumba cha mguu kilipoanza kuwasha! Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. Ya pili, vilevile. Ya tatu, mkuu akapiga chafya. Mwenzake akasalimu amri, akaenda kumwita Kope.

Kope akaingia, bega likaruka. "Mama, hebu tikisika."

"Nini?"

"Jikune, kohoa, rusha miguu, utoe yote. Mwili ukikatazwa ndiyo unadai. Halafu muwasho ukirudi usipigane nao. Uambie subiri kidogo, pumua taratibu, tuhesabu wote."

Mkuu alijikuna hadi akaona haya. Kisha wakahesabu, yeye ndani ya mvungu, Kope nyuma ya kioo, na picha ikatoka safi.

Akiwa anavaa viatu, mkuu akamgeukia. "Nimekuangalia mle ndani, kwenye kile kioo kidogo cha kujitazamia kilicho juu ya uso. Dakika zote kumi hukukonyeza hata mara moja. Kumbe unaweza kujizuia!"

"Naweza, mama. Wewe umechoka kwa kule kutulia?"

"Nimechoka kama niliyelima."

"Basi. Mimi nalima hivyo kila siku tangu nikiwa na miaka saba."

Mkuu aliona aibu, na ilimstahili. Akafunga kamba za kiatu polepole kuliko ilivyohitajika.

"Jumatatu uje hapahapa," akasema. "Na ukitaka kukonyeza, konyeza."

Kope hakungoja Jumatatu; alikonyeza palepale.