Tandiko la Reli

Kwa Huseni, fundi viatu wa mtaa wa Buyenzi, kiatu kinacholia ni aibu. Soli ikitoa mlio mlangoni pa msikiti, humvua mwenyewe kiatu hicho papo hapo, hata kama alikishona fundi mwingine, na mtu wa watu hurudi kwake pekupeku. Kichwa chake kigumu, lakini mikono yake haina mfano.

Mkewe Soumaya alizaliwa Kigoma, nyumba ya kando ya stesheni, akaolewa huku ng'ambo ya mpaka ambako reli hakuna. Kisukari kilimla macho, kisha figo, na hospitalini wakamwambia Huseni amrudishe nyumbani, maana wao wamefika mwisho. Soumaya alitaka kitu kimoja tu: kufika kwao kabla hajafa. Boti za mizigo pale bandarini hazibebi mgonjwa wa namna hiyo, na barabara ingemmaliza kabla ya mpaka. Huseni aliendelea kumwahidi safari, akijua anamdanganya.

Basi mama mmoja wa Kinindo, mtaa wa matajiri, aliyekuwa anahama alipomwachia treni ya kuchezea ya mwanawe aliyekwisha kukua, Huseni alifurahi kama aliyepata tiketi. Aliunganisha reli juu ya ubao kando ya kitanda, akawasha. Treni ikazunguka ikigonga kila kiungo, ta-ta, ta-ta, ubao mzima ukivuma. Soumaya akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Huseni akazima haraka, akaona kelele zimemuumiza. Hakumuuliza, fundi haulizi kama kelele ni mbaya.

Reli ilihitaji tandiko la kuzima mlio. Alijaribu katoni, ikavimba kwa unyevu wa masika. Akajaribu sponji ya godoro. Reli ikadidimia na treni ikaanguka kwenye kona. Raba ya kandambili ilikuwa nzuri ila ilikataa kupinda. Mwishowe akachukua gome laini la kizibo, lile la soli za viatu vya akina mama, akalikata vipande vyembamba virefu. Alivipindisha viwili viwili, kimoja kila upande wa mstari wa penseli aliouchora ubaoni, akachonga kingo mshazari kwa kisu, na akahakikisha viungo vya tandiko havikutani na viungo vya reli. Kisha akagandisha kila kitu kwa gundi yake ya soli, ile anayojisifia kwamba kiatu kitachanika kabla haijaachia.

Soumaya alikuwa akisikia kisu kikifanya kazi, akitabasamu, akingoja.

Baada ya sala ya alasiri Huseni akawasha. Treni ikateleza kimya kabisa, na yeye akajaa fahari, masikini.

"Imesimama?" Soumaya akauliza.

"Apana. Iko inatembea vizuri."

Mkewe akatega sikio.

"Ile siku ya kwanza nilisikia kwetu," akasema. "Nililia juu ya furaha, Huseni. Sasa mi sioni, na we umeninyang'anya na ile sauti."

Huseni alishika kisu akaanza kubandua. Gundi haikuachia. Akavuta, mataruma ya plastiki, vile vijiti vinavyoshikilia reli, yakakatika, reli ikapinda mkononi mwake, na treni ikawa takataka. Alikaa sakafuni akalia, naye si mtu wa kulia.

Kisha akaufuta ubao, akachukua nyundo yake ndogo ya viatu, akaanza kuugonga. Ta-ta. Ta-ta. Taratibu kwanza, halafu mbio, kama treni inayotoka stesheni.

Soumaya alijua ni nyundo. Alinyoosha mkono akaushika ukingo wa ubao, ili mtikisiko umfikie.

"Tukifika Kigoma, uniamushe," akasema.

Huseni aligonga mpaka adhana ya magharibi. Mkono wa mkewe ulikuwa umelegea zamani, ubao ukiutikisa tu. Alikwisha kuelewa, lakini hakuthubutu kusimamisha treni.