Mistari Mitatu ya Daktari Arobaini

Kliniki yetu hulipwa na bima kwa dakika. Daktari akikaa na mgonjwa dakika arobaini, malipo hupanda, kwa hiyo mafaili yote yalisema arobaini, hata ya mafua. Sisi wa mapokezi tulimbatiza daktari wetu jina la Daktari Arobaini. Jumatatu alitibu, Ijumaa alirudi kuandika. Mimi, karani wa mafaili, nilimwachia mistari mitatu mitupu kwa kila mgonjwa, kisha akimaliza nikagonga muhuri wa tarehe ya Jumatatu. Nilijisifu kwa kutosahau hata faili moja. Mjinga mimi.

Jumatatu ile dada yangu aliingia kwake na jipu mguuni. Nilitazama saa ya ukutani: dakika nne, akatoka. Aliniambia amemweleza kwamba penisilini humvimbisha koo, na kwamba nusura imuue alipojifungua.

"Ameandika?" nikamuuliza.

"Ameitikia kwa kichwa."

Nikaacha mistari yangu mitatu. Kalamu nilikuwa nayo sikioni, lakini karani haandiki mambo ya daktari.

Kesho yake homa ilimzidi, akaletwa hajitambui. Mimi nilikuwa nimetumwa mjini kufuata karatasi. Muuguzi alifungua faili, hakukuta kitu, akamchoma penisilini. Niliporudi walikuwa wameshamfunika shuka, na muuguzi ameshasimamishwa kazi. Sina kinyongo naye, kwa kuwa kichwa cha daktari hakisomeki.

Ijumaa Daktari Arobaini alinikuta kwenye korido, akanipa pole ya msiba. Hakuuliza nani amefariki. Aliketi na rundo lake, nami nikasimama pembeni na muhuri. Alipofika kwa dada yangu kalamu haikusita: "Dakika arobaini. Ameelezwa yote. Anaendelea vizuri. Arudi wiki ijayo."

Nilizungusha namba za muhuri, nikagonga tarehe ya Ijumaa hiyo.

"Umekosea," akasema bila kuinua macho. "Huyu ni wa Jumatatu."

"Sijakosea, daktari. Huyu ni dada yangu. Tumemzika jana."

Alisoma jina, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama stoo kuna faili tupu la kuandika upya.

Nikamwambia yapo mengi. Lile la dada yangu nililibana kwapani, nikampelekea muuguzi nyumbani kwake.