Vipande Vitatu vya Mamaliga

Jumanne, tarehe 13 Machi 1907, saa mbili asubuhi, kengele ya kanisa la Ciorogeni ililia ingawa hakuna aliyekufa. Ilipofika saa tatu, watu wapatao mia mbili walikuwa wamesimama uani kwa Bwana Scarlat Belciu. Wanaume walishika mashoka na uma za kukusanyia nyasi. Stanca Dobrin, mjane wa miaka thelathini na minne, alibeba chungu cha chuma kilichofunikwa kwa kitambaa, na chungu kilikuwa kikitoa mvuke.

Scarlat hakuwa mwenye ardhi. Mwenye ardhi alikaa Bukaresti, mji mkuu, na hakuwahi kuiona. Scarlat aliikodi yote kwake, kisha akawakodisha wanakijiji vipande vipande kwa nusu ya mavuno. Kanuni ilikuwa kwamba hakuna kubeba hata hindi moja kutoka shambani kabla fungu la bwana halijapimwa na kuondolewa. Mwaka 1905 mahindi yalikauka mwezi wa Septemba. Mpimaji alikuja Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, baada ya wiki sita za mvua. Ndani ya maganda, punje zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Watu waliyala kwa kuwa hayakuwapo mengine. Kabla kiangazi cha 1906 hakijaisha, daktari wa wilaya alikuwa ameandika pelagra, ugonjwa wa wala mahindi mabovu, kwa watu kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa Radu, mume wa Stanca. Kwanza ngozi ya mikono ilibambuka kama ya mtu aliyeungua, kisha kinywa kikajaa vidonda, kisha akili ikaenda. Maiti yake ilikutwa bwawani tarehe 9 Julai.

Stanca alikuwa amebakiza nusu gunia la mahindi yale, na hakumficha mtu sababu. Alitaka Scarlat ayale mbele ya watu, na ijulikane kwamba aliyala.

"Shemeji, rudisha chungu chako nyumbani," alisema Marin, mdogo wake Radu, ambaye ndiye aliyewaongoza wanaume. "Leo tunaandika mkataba."

"Andikeni. Mimi nimekuja kulisha."

"Ukimuua, tutapata saini ya nani?"

"Radu aliyala miezi saba. Huyu atakufa kwa asubuhi moja?"

"Mwache, Marin!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Bwana atashikaje kalamu na njaa?"

Watu wakacheka. Karibu kila mtu pale uani aliamini kwamba Malkia ametuma wanafunzi wa chuo kikuu juu ya farasi weupe, wakiwa na amri ya kugawa ardhi upya. Hakuna aliyekuwa amewaona. Lakini kwa kuwa waliiamini amri hiyo, hawakutaka kupora. Walitaka karatasi yenye muhuri.

Karani wa kijiji aliletwa pamoja na muhuri wake. Akaandika kwamba fungu la bwana litashuka hadi theluthi moja, na kila mtu atavuna akiona mahindi yake yamekauka. Scarlat, aliyekuwa bado amevaa joho la nyumbani, aliisoma karatasi mara mbili na hakubisha.

"Nitasaini," alisema. "Lakini mkataba wenye jina la upande mmoja ni karatasi ya kufungia samaki. Wekeni majina yenu na vidole gumba. Nakala mbili, moja yenu na moja yangu. Ndiyo sheria."

"Hapo bwana anasema kweli," alisema karani, na ilikuwa kweli.

Wanaume walipanga foleni huku wakifuta mikono kwenye suruali. Walikuwa sitini na mmoja. Marin alikuwa wa kwanza.

"Marin," Stanca akasema, "ana haja gani na jina lako? Si analijua?"

"Ndiyo sheria, shemeji."

"Hata mpimaji alikuwa na sheria."

"Wanawake hawasaini. Ngoja zamu yako na ugali wako."

Zamu yake ilifika saa nne na nusu. Alikipindua chungu juu ya meza ya barazani, na mamaliga, ugali wa mahindi wa kwao, ikakaa duara, ya njano yenye madoa. Harufu yake ilikuwa ya pishi lililofungwa muda mrefu. Akaikata kwa uzi, kama inavyokatwa kila nyumba.

"Ni Kwaresima, bwana. Ndiyo maana hakuna jibini."

"Mama, ule ulikuwa mwaka wa mvua. Mvua nailetaje mimi?"

"Mvua alileta Mungu. Mpimaji ulimleta wewe. Kula."

Scarlat akamtazama Marin. Marin, ambaye mkataba ulikuwa tayari mkononi mwake, akaangalia bustani.

"Kula, bwana," Marin alisema. "Upesi, uondoke."

Kipande cha kwanza alikila amesimama, cha pili ameketi. Cha tatu alikitapika, Stanca akamkatia kingine.

"Kile hakihesabiwi," alisema.

Alipokimaliza alijifuta midomo kwa mkono wa joho. "Jina lako nani?"

"Wakati wa kupima hukulihitaji."

Gari lake la farasi liliondoka saa tano, na nakala yake ya mkataba ndani. Saa kumi alasiri ghala lake lilishika moto. Aliyeliwasha hajathibitishwa hadi leo.

Jumapili, tarehe 18 Machi, ilifika kombania ya askari kutoka jimbo la Moldova na mizinga miwili. Mpiga ngoma alizunguka kijiji akitangaza kwamba wote waliosaini mkataba wafike kanisani. Walifika hamsini na wanne. Wengi walivaa mashati ya sikukuu, kwa sababu walidhani serikali imekuja kuuthibitisha. Marin alileta nakala ya kijiji, ameikunjia ndani ya taulo la tarizi.

Kapteni hakuihitaji. Alikuwa na ya Scarlat. Alisoma majina kumi ya juu, kwa mpangilio ule ule wa foleni.

"Bwana Kapteni, hii ina muhuri," alisema Marin.

"Ninauona."

Stanca akapenya katikati ya askari. "Aliyemlisha ni mimi! Hawa hawakushika hata mwiko!"

Kapteni alishusha kidole kwenye orodha hadi mwisho. "Jina?"

"Stanca Dobrin."

"Hujaandikwa humu. Amri yangu ni ya waliomo." Akamgeukia sajini. "Huyu apelekwe mahakamani."

Wale kumi walipigwa risasi kwenye ukuta wa kanisa saa saba na nusu. Wengine waliosaini walitiwa kamba.

Kesi ya Stanca ilisikilizwa Alhamisi, tarehe 21 Juni. Shtaka lilikuwa kumlazimisha Bwana Scarlat Belciu, kwa nguvu, ale chakula kibovu kwa nia ya kumdhuru. Safu ya mbele walikaa wapangaji wakubwa wa ardhi wenzake pamoja na wake zao.

"Bwana Belciu," hakimu aliuliza, "ulilishwa nini?"

Scarlat aliitazama safu ya mbele. Bibi mmoja alikuwa amefunika mdomo kwa upepeo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Hakuna mwanamke wa kijijini aliyenilisha kitu. Waliweka mezani. Sikugusa."

"Maelezo yako ya Machi yanasema ulikula."

"Nilikuwa na homa. Yaliandikwa vibaya."

Wakili aliyepewa Stanca na mahakama alimwinamia sikioni. "Nyamaza tu, mama. Kesi imekufa. Kesho unalala kwako."

Stanca akasimama.

"Alikula."

"Kaa chini, mama," alisema hakimu. "Shahidi anakutetea."

"Hanitetei, anajisafisha. Alikula vipande vitatu. Kimoja alikitapika, nikamkatia kingine."

"Unaelewa kwamba unakiri kosa?"

"Naelewa. Huyo karani kijana aandike. Vitatu, kwa maneno, si kwa tarakimu."

"Una shahidi?"

"Nilikuwa nao sitini na mmoja. Kumi mmewazika. Wengi wa waliobaki mnao gerezani, hapa hapa chini."

Hakimu aliagiza wawili waletwe, mmoja mmoja, wasisikilizane. Wa kwanza alisema vitatu. Wa pili alipoanza kueleza jinsi joho lilivyochafuka, mtu alicheka safu ya mbele, na Scarlat Belciu akachukua kofia yake na kutoka kwa mlango wa pembeni. Wa pili naye alisema vitatu.

Wakili aliuliza kama mshtakiwa anajuta.

"Kwamba sikupika zaidi," alisema Stanca.

Hukumu ilikuwa miaka miwili. Maneno "alikula vipande vitatu" yamo katika ukurasa wa nne wa mwenendo wa kesi, yameandikwa kwa maneno. Stanca Dobrin alipokewa katika gereza la wanawake Jumamosi, tarehe 23 Juni, saa tisa alasiri.