Mwanga Juu ya Kisima cha Muhsina

Mimi ndiye niliyekifunga kisima cha Mzee Suleiman kule Munje, na nilikifunga kwa kiburi. Mashine ilisema maji yana madini ya sumu. Nikabandika karatasi nyekundu, nikarudi kwenye maabara yetu Msambweni, nikanywa chai.

Mzee alikichimba kiwe sadaka ya bintiye, Muhsina, aliyefariki miaka minne iliyopita. Kila anayekunywa, thawabu humfikia marehemu. Hilo nililijua, ingawa mimi ni Mkamba na Mkristo.

Siku ya tatu akaja maabara, kanzu imepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu Mumbe. Nimekuja unionyeshe hiyo sumu. Nimeandikiwa tu, sijaiona."

Niliudhika. Sumu gani ya kuonyeshana? Hata hivyo nikamketisha, nikamweleza. Ndani ya mashine mna wenzo mdogo, mwembamba kuliko unywele, umeshikwa upande mmoja na unatetemeka. Sumu ikinata juu yake, unakuwa mzito na mtetemo unapungua kasi. Mwanga wa leza huumulika, na kompyuta huhesabu mtetemo.

"Basi tia maji yasiyo na kitu," akasema, "nione tofauti."

Nikatia maji safi ya maabara, ili tu nimnyamazishe. Mstari wa mtetemo kwenye kioo cha kompyuta ukashuka. Ulishuka mpaka palepale uliposhukia kwa maji ya kisima.

Nikakumbuka kwamba wiki ile nilikuwa nimeongeza nguvu ya leza ili nione vizuri zaidi. Nikaipunguza kidogo kidogo, mtetemo ukapanda. Nikaiongeza, ukashuka. Hapakuwa na kitu juu ya ule wenzo ila mwanga, na joto lake lilikuwa likiulegeza. Mwanga ambao ukiukinga kwa kiganja huhisi chochote! Miaka yote nimeusoma na kuufanyia mitihani, lakini sikuwahi kuuona ukikishika kitu na kukibadilisha mbele ya macho yangu. Nilisimama pale nimeduwaa.

Tukayapima maji ya kisima kwa mwanga hafifu. Mara tatu, na mara zote yalikuwa safi.

"Subhanallah," akasema mzee, ameinama karibu kabisa na kioo. "Kumbe mwanga nao una mkono?"

"Unao, mzee. Mimi ndiye sikuuhesabu. Nisamehe."

Nilingoja anifokee. Badala yake alikaa akaitazama sakafu.

"Siku tatu hakuna aliyekunywa," akasema. "Siku tatu mwanangu hakufikiwa na kitu."

Nikaenda naye Munje mchana uleule, nikaichana ile karatasi, nikateka maji mwenyewe. Nikanywa bilauri moja, kisha ya pili, majirani wakinitazama. Ya tatu ilikuwa ngumu kushuka. Nikaimaliza.

Mzee akanisogelea.

"Umemtaja mwanangu jina?" akaniuliza polepole.

"Kila bilauri, mzee."